Msimu wa Kuhama Viti

Wagumu walianza msimu kwa kufungwa, wakaendelea kufungwa, na ligi ilipofika katikati hata watangazaji walikuwa wakiitaja timu hiyo kwa sauti ya kutoa rambirambi. Ugumu wenyewe ulibaki kwenye jina. Mabeki walikuwa laini kama mkate uliolowa chai, na golikipa alikuwa muungwana kupita kiasi, mpira ukija yeye anaupisha njia, ndiyo maana mashabiki wakampachika jina la Karibu.

Fundi aliipenda timu hiyo tangu hajang'oa meno ya utoto. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji, na kazini alikuwa mpole, mtu wa kukaa kutwa akisikiliza mngurumo wa mota bila kukunja uso. Mbele ya Wagumu alikuwa mtu mwingine. Alipiga meza, alimtukana refa, alimtukana kocha, alimtukana hata yule bwana wa kukata majani ya uwanjani ambaye hajawahi kufungwa bao na mtu. Yote hayo aliyafanya kwenye banda la mpira, pamoja na wenzake, mahali ambapo kelele za mmoja humezwa na kelele za wote.

Msimu huu banda likamshinda. Kwanza utani ulizidi, watu wa timu nyingine walimpokea mlangoni kwa kumshika mkono wa pole kana kwamba kafiwa. Lakini sababu kubwa ilikuwa nyumbani. Mama mkwe wake alianguka bafuni kwake, akavunjika nyonga, akapasuliwa, na alipotoka hospitali akaletwa kwa binti yake auguzwe. Binti huyo, mke wa Fundi, alikuwa nesi, na zamu zake nyingi zilimwangukia mwisho wa wiki. Kwa hiyo kila Jumamosi na Jumapili mchana Fundi alibaki sebuleni na mama mkwe, wawili tu, na televisheni mbele yao.

Hebu fikiria mateso hayo. Mtu aliyezoea kupayuka mpaka sauti inakauka, leo atazame mpira pembeni ya mama wa mkewe. Mkwe ni mkwe bwana, huwezi kumtaja mama wa refa mbele ya mama aliyekupa mke. Fundi akajifunza kuumia kistaarabu. Wagumu wakikosa bao, alikohoa. Wakifungwa, alikohoa sana. Mkewe akaanza kumuuliza kama kifua kinamsumbua.

Mama mkwe mwenyewe alishinda kwenye kochi refu chini ya dirisha, miguu juu ya mto, na hakunyanyuka ila kwa kwenda chooni, tena akiwa amebebwa nusu. Mfupa ulikuwa umeshaunga. Daktari alisema hivyo, picha ilisema hivyo, na mtaalamu wa mazoezi alisema hivyo, kisha akawavuta nesi na mumewe pembeni.

"Mguu hauna tatizo," aliwaambia. "Ni woga wa kuanguka tena. Lakini asipotembea sasa, misuli italala moja kwa moja, na hapo hata woga ukiisha hatatembea. Mwisho wa msimu huu wa mvua nitampima tena. Nikiona hajaweza mwenyewe, itabidi tuzungumze habari za kiti cha magurudumu."

Alipewa fremu ya chuma ya kutembelea. Akaitumia kuanikia mitandio. Na nesi, ambaye wodi nzima ya wanaume ilikuwa ikimtii akiinua nyusi tu, hakuweza kumtoa mama yake kwenye kochi.

"Mama, simama kidogo tu, mimi nimekushika."

"Kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Wewe ndiye uliyenizaa, au mimi?"

Hapo mazoezi yanaisha. Mmoja anaingia chumbani kulia, mwingine analia palepale kwenye kochi, na Fundi anatoka nje kwenda kuangalia friji ambalo halina shida yoyote.

Kilichowauma zaidi ni kwamba mama mkwe hakupenda kukaa pale. Alitaka kwake. Nyumba yake ilikuwa juu ya barabara, unaipandia ngazi, na hakuchoka kuitaja, mlango wake wa bluu, dirisha la jikoni linaloingiza jua la asubuhi, jirani yake anayeazima pasi na kuirudisha ikiwa na moto. "Nikipona nitarudi kwangu," alisema kila siku. Wanawe wengine, wa mbali, walikuwa wameshaanza kusema kwenye simu kwamba nyumba ipangishwe, maana mtu asiyetembea atapandaje ngazi. Hayo nesi hakumwambia mama yake. Alimwambia Fundi jikoni, akiosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sasa, Fundi alikuwa na mwiko wake wa ushabiki, kama walivyo nao mashabiki wote ingawa wengi hukana. Timu ikifungwa, unahama kiti. Kiti ulichokalia bao likiingia kimeshapata nuksi, ukibaki juu yake unalikaribisha la pili. Kule bandani Wagumu wakifungwa, watu wazima wenye ndevu walisimama na kubadilishana mabenchi huku wengine wakiwacheka. Na timu ikiongoza, kinyume chake, hakuna kusogea, hata ukiwashwa usijikune. Sehemu hii ya pili haikutumika sana msimu huo.

Jumamosi ya kwanza alijizuia. Ya pili, Karibu alipoupisha mpira wa kona ukaingia bila hata kuguswa, Fundi alijikuta ameruka kutoka kiti cha mkono na kutua kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango.

"Umeumwa na kitu?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, Mama."

"Mbona umehama?"

Fundi akaona aibu, lakini kudanganya mkwe ni vibaya kuliko kuonekana mjinga. Akamweleza. Alitarajia kuchekwa. Mama mkwe hakucheka, alimsikiliza kwa makini, akatazama televisheni, akatazama kochi lake.

"Na mimi je?"

"Wewe umesamehewa, Mama. Wewe mgonjwa."

Dakika chache baadaye Wagumu wakafungwa la pili, Fundi akahamia stuli ya jikoni, na ndipo bibi wa watu akasema kwa uchungu, "Basi hili ni langu. Wewe umehama, mimi nimebaki na nuksi. Timu ya mume wa mwanangu nisije nikaiua mimi. Njoo unishike."

"Mama, si lazima..."

"Nishike mkono, wanapiga kona tena!"

Fundi akamshika, uso kautazamisha ukutani kwa adabu, na kwa haraka ya kuwahi ile kona wakavuka pamoja kutoka kochi refu mpaka kiti cha mkono. Kona ikapigwa nje. Mama mkwe akashusha pumzi. "Umeona?" akasema.

Tangu siku hiyo mwiko ukawa wa wote wawili, na mama mkwe akawa mkali wa sheria kuliko mwenyewe. Akataka kuelezwa kuotea ni nini, akaelewa upesi kuliko Fundi alivyoelewa utotoni. Akamjua kila mchezaji kwa mwendo wake. Kwa Karibu alikuwa na hasira ya kimama. "Huyu kijana hana mtu wa kumwambia? Mikono amepewa ya nini, ya kupungia?" Na kwa kuwa Wagumu hawakumaliza mechi bila kufungwa, kila wiki walihama. Kochi refu hadi kiti cha mkono, kiti cha mkono hadi stuli, stuli hadi kiti cha mezani upande wa pili kabisa. Mechi mbaya zilizunguka chumba kizima. Mwanzoni alibebwa kwa mkono wa Fundi, baadaye akaitisha ile fremu, mitandio ikaanuliwa. Baadaye akawa anashika mkono kwa vidole tu. Ila bila mkono wa mtu au ile fremu hakusogea, na bila bao hakunyanyuka.

Fundi hakuliona lolote katika hayo. Macho yake yalikuwa kwenye jedwali la ligi, ambalo Wagumu walikuwa wakilishuka ngazi kwa ngazi. Alikonda kwa hasira. Usiku alipanga kikosi kichwani badala ya kulala. Na Jumapili moja, walipofungwa mabao mengi kiasi kwamba yeye na mama mkwe walirudi kwenye viti vyenye nuksi kwa kukosa vipya, alinyanyuka akazima televisheni kabla ya filimbi.

"Basi, Mama. Nimeachana nao. Kuanzia leo sina timu."

"Msimu haujaisha."

"Kwangu umeisha."

Wiki iliyofuata hakuwasha. Alileta friji la mteja uani akalifungua, akashinda nalo. Mama mkwe alikaa kwenye kochi refu akitazama ukuta. Jumapili vilevile. Jioni nesi aliporudi kazini, alimvua mama yake soksi, kisha akamfuata mumewe uani.

"Mama hajasogea siku mbili hizi?"

"Amesogea wapi? Alikuwa kwenye kochi."

"Miguu imevimba. Leo nimemsimamisha ametetemeka kama wiki ile aliyotoka hospitali." Akajifuta mikono kwenye gauni la kazi. "Sielewi. Siku nyingine zote hataki, lakini nikirudi Jumamosi namkuta kiti hiki, Jumapili namkuta kiti kile, na damu inatembea vizuri miguuni. Nilidhani unamfanyisha mazoezi, nikasema nisikuulize, usije ukaacha. Nimekuwa nakushukuru moyoni mume wangu, wewe huna habari."

Fundi alibaki na bisibisi mkononi. Ndipo hesabu yote ikamwingia kichwani mara moja. Kila bao lililomtoa machozi lilikuwa limemtoa mama mkwe kwenye kochi. Kila mpira alioupisha Karibu ulikuwa ni hatua kadhaa sebuleni. Timu nyingine yoyote, yenye golikipa mwenye aibu kidogo tu, ingemwacha yule mama akaoza pale dirishani. Alicheka peke yake mpaka mkewe akamkodolea macho, kisha akamweleza, na wote wawili wakakubaliana mama asiambiwe. Akijua kwamba ni mazoezi, atasema kesho.

Jumamosi Fundi akawasha televisheni. "Nimewasamehe," alimwambia mama mkwe, naye akajibu kwamba alijua, mtu hawezi kuacha jina lake.

Hapo yakaanza mateso mapya, ambayo hakuna shabiki aliyewahi kuyapata. Siku hiyo Karibu, sijui aliamkia upande gani, alidaka kila kitu. Alidaka za juu, alidaka za chini, alidaka na penalti. Mama mkwe alikuwa akipiga makofi. Na Fundi, aliyeililia timu hiyo mwaka mzima, alikaa akiomba kimoyomoyo, jamani, moja tu, la kuotea hata. Alijisikia msaliti. Alipoona kipindi cha pili kinayoyoma akajaribu hila.

"Mama, si tukae upande ule, kuna upepo."

"Tumefungwa?"

"Hapana."

"Basi tulia. Sheria ni sheria."

Mechi ikaisha bila kufungwa na mama mkwe hajanyanyua hata kisigino. Nchi nzima ya Wagumu ikashangilia sare hiyo, isipokuwa mtu mmoja. Lakini wiki zilizofuata Karibu akarudia uungwana wake, na Fundi akawa anahama viti na moyo umegawanyika sawasawa, nusu unaungua, nusu unashukuru. Alimshukuru golikipa. Alimshukuru yule beki mzito. Usiku alipolala, badala ya kupanga kikosi, alijikuta akiwaombea wachezaji hao heri katika maisha yao, mmoja mmoja, jambo ambalo angemwambia mtu bandani wangemfunga kamba.

Ila ligi ina mwisho, na mvua zina mwisho. Siku ya mechi ya mwisho ilipofika, mtaalamu alikuwa anamsubiri mama mkwe wiki inayofuata. Mama mkwe alikuwa anatembea, ndiyo, kwa mkono au kwa fremu, akisukumwa na bao. Peke yake, kwa hiari yake, hajawahi hata hatua moja. Nesi alimjaribu asubuhi hiyo, mama akashika kochi kwa mikono miwili na kukataa. Baada ya leo hakutakuwa na mpira mpaka msimu ujao. Fundi alijua hivyo alipokaa. Wagumu nao walihitaji ushindi, sare isingetosha, wakikosa wanashuka daraja.

Nesi hakuwa na zamu. Alibandika maharage kwenye jiko la gesi, akatoka kukimbilia dukani kufuata chumvi, na huko, kama ilivyo kawaida yake, akapata mazungumzo.

Kwa muujiza, Wagumu wakapata bao mapema. La kusukumana, lisilo na sura, lakini bao. Mama mkwe alipiga kigelegele, kisha akajikamata mdomo. "Tusisogee!" akanong'ona. Wakaganda, yeye kwenye kochi refu, Fundi kwenye stuli. Wakaganda kipindi cha kwanza, wakaganda mapumziko, wakaganda kipindi cha pili. Fundi alitaka timu ibaki. Alitaka pia mama asimame. Hakujua tena aombe lipi, kwa hiyo akaacha kuomba.

Zikiwa zimebaki dakika za nyongeza, harufu ikaingia sebuleni.

"Kinaungua kitu," mama mkwe akasema.

"Ni maharage. Mama, yaache. Dakika chache tu."

"Yanaungua kabisa."

"Yaungue, nitanunua mengine. Tunaongoza, Mama!"

Ni kweli alisema hivyo, na alisema kwa dhati, maana miguu yake mwenyewe ilikuwa imefungwa na ile sheria. Moshi mwembamba ukaanza kupita chini ya pazia la jikoni. Mama mkwe akatazama televisheni. Akatazama pazia.

"Sufuria la mwanangu," akasema. "Alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza."

Akashusha miguu chini. Fundi akafungua mdomo amwambie angoje, amwambie tunaongoza, kisha akaona fremu iko kona ya mbali, na mama ameshasimama. Hakushika kochi. Akapiga hatua moja, ya pili, akapita mbele ya televisheni akaziba uwanja mzima kwa gauni lake, akapita meza bila kuigusa, akafika kwenye kile kizingiti cha jikoni ambacho hata kwa kushikwa alikuwa akikiogopa, akanyanyua mguu wa upande uliovunjika, akakivuka. Fundi alisikia jiko linazimwa, sufuria linaburutwa, na sauti yake ikilaani watu wanaobandika na kuondoka.

Nyumba ya jirani ikalipuka kwa kelele. Mtangazaji akapiga ukelele mrefu. Fundi hakugeuza kichwa. Hakuliona bao hilo siku ile, na mpaka leo hajalitazama.

Filimbi ikalia. Mama mkwe akatokea mlangoni mwa jikoni, kijiko chenye ukoko mweusi mkononi.

"Wamefungwa?"

"Wamerudisha, Mama."

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Wameshuka?"

"Wameshuka."

Akadondosha kijiko, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, pale mlangoni, amesimama katikati bila kuegemea popote. "Ni mimi," akasema. "Nimenyanyuka tunaongoza. Nimewaua. Mwanangu, nisamehe."

Fundi alitaka kumwambia washuke, Mama, washuke wanapotaka, Mungu awabariki huko huko waendako. Mtu ambaye mwaka mzima alikuwa akikohoa kwa heshima sasa akalia mbele ya mkwe wake waziwazi, mabega yakimtikisika, na hakuona aibu.

Mlango wa nje ukafunguliwa, nesi akaingia na pakiti ya chumvi. Akaona machozi ya mumewe, akaona wachezaji wa Wagumu wamelala kwenye majani, akaanza, "Yaani mtu mzima na akili zako unalilia..." Akageuka kufuata harufu. Akamwona mama yake, na fremu kona ya mbali. Chumvi ikaanguka. Akaketi chini pale pale alipo, akaziba uso, naye akalia.

Mama mkwe akawatazama wote wawili, mmoja kwenye stuli na mmoja sakafuni, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Jamani, hata wewe? Tangu lini una timu?" akamuuliza binti yake. "Nyamazeni basi. Ni mpira tu, watapanda tena."

Na kwa kuwa hawakunyamaza, akavuka kizingiti akaja mwenyewe kuwabembeleza.